Zidaka

Lamu hakuna reli. Haijapata kuwako.
Mtoto wa hapa Mkomani ukimtajia gari la moshi
hutazama juu, akidhani ni namna ya ndege.
Lakini nyumba yetu, tangu baba arudi,
kila alfajiri huondoka Mombasa.

Msana wetu ni mrefu, mwembamba,
upana wake boriti moja,
na mwisho wa msana, ukutani,
zidaka thelathini na mbili za chokaa
ambamo nyanya aliweka sahani za buluu na mirashi.
Baba kaziondoa sahani. Kazipanga sakafuni, kwa adabu.
"Hiki Mazeras," asema. "Hiki Voi.
Mtito Andei usiichanganye na Makindu, watu watalia."

Kisha ni kazi. Stakabadhi ya maji: Kibwezi.
Kijiko: Sultan Hamud.
Vidonge vyake vya presha navikuta Athi River
vimefungwa uzi, fundo la posta,
lile lisilofunguka ila kwa meno.

Miaka ishirini na sita alisimama usiku
ndani ya behewa la barua, magoti kayalegeza kidogo,
gari liyumbe, mkono usiyumbe.
Stesheni ndogo gari halikusimama.
Mfuko ulining'inizwa kwenye mlingoti kando ya reli,
naye mlangoni, na mkono wa chuma,
giza lote likimjia usoni,
pwa! mfuko umo ndani,
na wao ameshautupa nje kwa teke.
"Kupokea na kutoa ni pumzi moja," husema.
"Ukifikiri umechelewa. Ukichelewa, bega huna."
Bega lake la kulia liko chini kuliko la kushoto.
Hajatueleza ilikuwa stesheni gani.

Usiku mmoja, wamekwisha kupita Voi,
ikamjia bahasha yenye jina lake mwenyewe,
Shekuwe Bwanaheri, mwandiko wa mama,
ile S yake iliyolala chali.
Akaipima kiganjani. Karatasi moja.
Karatasi moja huwa kifo, au deni, au mtoto.
Taa ilikuwapo. Kisu kilikuwapo.
Mutua, mwenzake wa zamu, alikuwa amempa kisogo.
Akaitia kidaka cha Nairobi,
akaendelea na za watu.

Asubuhi akapanga foleni kama raia,
akangoja dirisha lifunguliwe,
akaambiwa: bado zinapangwa, rudi kesho.
Akarudi kesho.
Ndani: *Ni wa kike. Twakungoja wewe kwa jina.*
Na jibu lake likashika gari, likashika basi,
likakwama siku tatu kwenye tope la Garseni,
ndipo siku kumi na saba nikaitwa Kitoto,
na shangazi Mwana Esha hadi leo hajaacha.

Nilimwuliza, zamani, akili zake zote zingali nyumbani:
mbona hukuifungua?
Akanitazama kama niliyemwuliza
mbona haibi viatu msikitini.
"Ilikuwa haijafika," akasema.

Siku hizi mimi ni Mutua. Naitika.

Leo nimeamka kabla yake.
Nimesimama penye kizingiti cha msana, gizani,
mkono nimeunyosha,
mfuko wa kitambaa waning'inia kidoleni:
vidonge, miwani, kipande cha mkate wa mofa.
Nasikia ndara zake, chaka-chaka, chaka-chaka,
hazipunguzi mwendo.
Mimi ni Taru. Mimi ni Maji ya Chumvi.
Anapita. Hanitazami.
Kidole changu chawa chepesi.

Na miguuni pangu pameanguka kitu, kimetupwa kwa teke:
foronya ya mto wake, imejaa, imefungwa uzi.
Naketi juu ya sakafu baridi kati ya sahani za nyanya
na fundo nimelitia menoni.